Taa ya Pili Chini ya Meli

Machakos,
4 Julai 2000

Jamal wangu,

...na ile tochi ya manjano yenye ukubwa wa mkate, naomba usiitaje tena. Nimeiona kwa macho yangu. Hiyo si tochi ya akiba, hiyo ni tochi kubwa iliyokosa kazi. Mkono mmoja umeshika taa ya kampuni, mwingine unakwangua magamba kwenye tumbo la meli, sasa hiyo ungeibeba wapi? Kichwani, kama muuza mandazi?

Ulinisimulia mwenyewe wakati wa fungate yetu, umelaza kichwa mapajani pangu (naona haya kuandika, lakini naandika), kwamba chini ya meli hata saa sita mchana ni giza kama ndani ya chungu. Ukaniambia kwamba siku taa yako ilipoingia maji ulitoka kwa kupapasa chuma kwa viganja. Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuambia palepale kwamba zawadi yangu ya harusi kwako itakuwa taa ya pili, na nitaichagua mimi. Ukacheka tena, meno yako yale mazuri. Basi nimeichagua.

Nilianza hapa mjini, kwa kuuheshimu mji wetu. Mwenye duka aliniapia kwamba tochi yake haiingii maji. Nikaenda nayo nyumbani nikaitumbukiza kwenye pipa la maji ya kunywa. Mwaitu, yaani mama yangu, alinikuta nimeinama na mkono wote uko ndani ya maji ambayo tunayanunua kwa mkokoteni. Alisema maneno ya Kikamba ambayo siwezi kumwandikia mtu wa Mombasa. Tochi ilikuwa imejaa maji mpaka kwenye kioo. Nilipoirudisha, yule bwana akasema alimaanisha maji ya mvua. Nikamwuliza mara ya mwisho kuona mvua Machakos ni lini.

Ikabidi niende Nairobi, kwenye duka moja linalouza vitu vya baharini. Aliyenihudumia anaitwa Henry, amefunga tai, na ana sura ya mtu anayesubiri mteja wa maana aingie. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akataka kujua kama ninakusudia kuzamia kwenye bwawa au kwenye kisima cha nyanya yangu. Alicheka peke yake, kwa hiyo hakucheka sana.

Nilizikataa karibu zote. Moja inawashwa kwa kitufe. Kitufe kinaweza kubonyezwa ndani ya mfuko, taa ikawaka mpaka ikaisha bila wewe kujua, na ukiwa umevaa glavu utakitafuta kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Nyingine inatumia betri ya kuagizwa ng'ambo. Nikamwuliza Bwana Henry kama mume wangu akiishiwa na betri atie nanga mpaka zije. Ya tatu mwanga wake ni mpana. Nilikumbuka ulivyosema maji ya bandarini ni tope tupu. Mwanga mpana ungekuangazia tope, kama taa za gari kwenye ukungu wa Lukenya.

Hii niliyokutumia ni nyeusi, nene kama ndizi tamu, haizidi kiganja changu. Mwanga wake ni mwembamba na unakwenda mbali. Unaiwasha kwa kukizungusha kichwa chake, na betri zake zinauzwa kwenye kila kibanda. Bwana Henry aliifunga kwenye gazeti kama mtu anayefunga karanga. Sikujali.

Sasa nisikilize, mpenzi wangu. Ifunge kifuani upande wa kushoto, mahali mkono wa kulia unapoangukia wenyewe bila kutafuta. Ule mpira mwembamba ulio shingoni mwa tochi, unaozuia maji, upake mafuta niliyoyaweka kwenye kifurushi, si mafuta ya nazi. Nawajua nyinyi wa pwani, mngeyapaka hata kwenye injini. Na betri zake zisifanye kazi nyingine yoyote duniani.

Ukiigusa, jua unagusa mkono wangu.

Wako, wako, wako,
Zaituni


Mombasa,
14 Julai 2000

Zaituni, asali yangu,

Kifurushi kilifika salama. Nimeifunga kifuani kushoto kama ulivyosema, na huko ndiko inakolala. Nikishuka majini naisikia pale, nakukumbuka.

Vijana wote kazini wameitazama. Nzomo, msimamizi wetu, yule Mkamba wa kwenu, aliishika akaigeuzageuza, akauliza nani ameichagua. Nikasema mke wangu. Alichojibu si kitu cha kuandika.

Chumba cha kukuhamishia huku bado sijapata. Naendelea kukaa kwa Dada Sumayya, anakusalimu. Stima zinakatwa kila jioni kwa huu mgao, kwa hiyo naandika haraka kabla ya giza.

Mumeo akupendaye,
Jamal


Machakos,
22 Julai 2000

Wifi yangu Sumayya,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai watoto wazima. Sisi hapa wazima, ila vumbi na mgao wa stima.

Najua siku ya harusi ulimwambia shangazi yako kwamba ndugu yenu amekwenda kuoa mahali ambapo hata mto ni mchanga. Nilikuwa nimefunikwa ushungi, lakini masikio yalikuwa wazi. Siandiki kwa kinyongo. Naandika kwa sababu nina furaha, na mwenye furaha humwandikia hata wifi yake.

Jamal ameniambia jinsi tochi yangu ilivyomkaa kifuani na wenzake wanavyoitazama. Mimi siwezi kumwona, wewe unamwona kila asubuhi akitoka. Niambie, inampendeza? Amefunga mkanda sawasawa? Yeye atasema ndiyo kwa kila kitu, moyo wake ni laini. Mkumbushe asiisahau. Nilipoichagua niliuliza maswali ambayo hata muuzaji hakuwa na majibu yake, na nasema bila kujisifu kwamba huko Mombasa yenu, pamoja na bahari yote hiyo, hakuna aliyefikiria kumpa taa ya pili mpaka alipooa mtu wa bara.

Wifi yako,
Zaituni


Mombasa,
30 Julai 2000

Wifi Zaituni,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza sikuielewa, ya pili nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Kifua gani, mwanangu? Hicho kitochi chako kinaning'inia kwenye msumari wa jikoni kwangu. Ndugu yangu alikwenda nacho kazini siku moja tu, akarudi uso umemshuka. Huyo Nzomo, Mkamba mwenzako, alikishika mbele ya wanaume wote akauliza kama Bi Harusi ameletewa kidani. Basi jina likaganda. Asubuhi hawamwambii habari gani, wanamwuliza Bi Harusi ameamkaje. Jamal akanivulia kile kitu akasema, "Dada, kitumie wewe." Ukitaka kujua kinampendeza nani, kinanipendeza mimi.

Na haki ya Mungu kinafaa. Stima wakishakata magharibi, mimi nakitundika juu ya sufuria, hakiogopi mvuke, hakiogopi mafuta. Watoto wanakwenda nacho uani. Betri zilipoanza kufifia nilizianika juu ya bati mchana kutwa, nikazitafuna kidogo ubavuni kama alivyotufundisha marehemu mama, zikafufuka. Au nyinyi wa bara, kwa utajiri wenu wa mahindi, betri mnatupa?

Hayo ya kuchagua na maswali sijui nini, Jamal alinisimulia habari za pipa. Tulicheka. Mwenzangu, bahari si pipa. Wanaume wa ukoo wetu wamezamia tangu enzi za babu zao, wengine bila taa hata moja. Ungemletea shati.

Usimwandikie ukali. Mwanamume aliyechekwa hataki kuchekwa tena nyumbani.

Wifi yako,
Sumayya


Machakos,
4 Agosti 2000

Jamal,

Nimepata barua ya dada yako. Uliniandikia kwamba tochi inalala kifuani pako. Inalala jikoni, juu ya sufuria ya maharagwe.

Sikuulizi kwa nini, nimeshajua kwa nini. Nilidhani nimeolewa na mtu anayeshuka chini ya meli. Nilikuwa nawaambia hivyo wanawake wa hapa, na kila mmoja wao ana mume muuza mitumba au mchoma mahindi, na nilikuwa nawahurumia. Kumbe wao ndio walioolewa na wanaume. Mchoma mahindi akiitwa jina baya anaendelea kuchoma mahindi. Wewe maji huyaogopi, giza huliogopi, chuma cha meli nzima kikiwa juu ya kichwa chako hukiogopi. Unaogopa jina alilokupa Nzomo.

Tena Nzomo. Hao akina Nzomo nimekua nao. Ni mtu ambaye kwao hawampi hata ng'ombe achunge, akifika Mombasa akapewa filimbi anajiona meneja. Huyo ndiye uliyemchagua badala yangu.

Usiniite asali. Asali ni ya mkate. Na usinitumie barua nyingine ya mapenzi, zile ulizonitumia sijui sasa ni ipi ya kweli, nazisoma kama mtu anayekagua noti bandia.

Ichukue kwenye huo msumari uivae kesho yake, au uirudishe kwa basi nimpe Mwaitu atafutie kuku wake.

Zaituni binti Ismael


Mombasa,
12 Agosti 2000

Zaituni,

Sitakuita lile jina kwa kuwa umelikataza. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Usishtuke, nisome mpaka mwisho.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Asubuhi yake Dada alikuwa bado hajaamka, nikaitoa tochi msumarini nikaondoka nayo. Sikumwambia. Kazini niliivaa mbele yao. Walicheka sana, Nzomo akapiga vigelegele vya harusi. Niliacha wacheke. Nilikuwa nasikia sauti yako kuliko zao.

Ilikuwa meli ya ngano. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na rafadha inayoisukuma meli, nikisafisha wavu wa tundu linaloingiza maji, na taa ya kampuni ikazimika. Haikufifia, ilikufa tu. Nikapeleka mkono kifuani, ukaangukia pale pale uliposema. Nikazungusha. Ikawaka, lakini rangi ilikuwa nyekundu kama kaa la jiko linalozimika. Niliona vidole vyangu na kipande cha kamba ile wanayonishikia kutoka juu. Kamba ilikuwa inapita upande ambao sikuudhania. Mimi nilikuwa nimeshageuka kwenda upande wa pili, chini zaidi ya tumbo la meli. Ningekwenda huko nisingetoka. Kisha na yenyewe ikafa. Haikudumu kwa muda wa kusoma Alhamdu.

Nikaifuata kamba kwa kiganja, juu ya magamba, yakanichana mkono wa kulia, ndiyo maana naandika kwa huu.

Nilipotoka Nzomo aliuliza Bi Harusi amepatwa na nini. Nikamwambia sishuki tena na taa moja. Akasema taa ya pili ni mapambo, na kampuni haina mazoea ya mapambo. Meli nyingine inakuja mwisho wa mwezi. Ama nishuke kwa utaratibu wao au nirudishe nguo za kazi nikatafute pengine. Wenzangu walikuwa wamesimama pale. Walitazama chini.

Dada aliponiona damu alilia, nilipomwuliza tochi ina nini ndipo akaniambia habari ya kuanika betri na kuzitafuna. Akasema na wewe alikuandikia yote hayo. Nikamwambia haiwezekani, ungenitajia. Nadhani amesahau.

Niliona aibu kukudanganya. Sasa siko na aibu tena, niko na woga, na nimeona afadhali nikuambie.

Jamal


Mombasa,
14 Agosti 2000

Wifi,

Najua amekuandikia. Mimi nitaandika machache.

Sikujua. Nani angejua kitu kidogo kama kile ni cha kuokoa mtu? Kingekuwa cha maana wangekitengeneza kikubwa. Lakini nimemnunulia betri mpya, na jikoni kwangu nimerudisha kibatari cha mafuta ya taa, kinanitoa machozi kwa moshi. Machozi mengine usiniulize.

Sasa kati yenu wawili mmoja lazima awe na akili, na nimeamua kuamini ni wewe, ijapokuwa sijaona ushahidi. Jamal amekataa kushuka. Anakaa barazani amefunga mkono kitambaa kama askari wa vita. Nyumba hii inakula kwa kazi yake, wifi, na chumba chenu mnachokingojea kitatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Kazi ya bandarini ukishaiacha, wenye kuitaka wamejaa getini.

Nzomo ni mbwa. Sikatai. Lakini mbwa akikaa mlangoni unampitia kwa adabu. Mwandikie mumeo ashuke na taa moja safari hii tu, yule mtu aone ameshinda, moyo wake upoe, halafu siku nyingine atafumba macho. Mimi nikimwambia hanisikii. Wewe barua yako moja ilimtoa kitandani kabla ya adhana. Mwandikie nyingine.

Sumayya


Machakos,
19 Agosti 2000

Wifi Sumayya,

Jamal anadhani umesahau. Hukusahau. Ulinieleza yote, jua na bati na meno. Niliisoma ile sehemu ya betri na nikaielewa. Aliyemsumbua Henry na maswali dukani ni mimi, niliyeapa betri zisifanye kazi nyingine duniani ni mimi, na siku ya kumwandikia mume wangu jambo moja tu la kumfaa nilijaza karatasi kwa habari ya jina na jikoni na kuku. Nilikuwa nimekasirikia zawadi yangu. Taa yenyewe niliisahau. Kwa hiyo nikisema kwamba Nzomo ni mpumbavu, elewa kwamba nawajua wapumbavu, nimekaa na mmoja wao mbele ya kioo wiki nzima hii.

Mwambie Jamal hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mwambie pia kwamba barua yake ya mkono wa kushoto nimeibusu kila mstari, hata ile mistari iliyopanda juu kama kuku anayeruka ua, na kwamba ile marufuku ya asali nimeiondoa. Aniite asali, aniite sukari guru, aniite anavyotaka. Nimeolewa na mtu aliyesimama amelowa, damu inamtoka, wenzake wote wanatazama viatu vyao, akasema sishuki. Sijui kama Machakos nzima kuna mwanamke aliyeolewa na mtu wa namna hiyo. Nimewatazama waume zao tena. Hakuna.

Unalotaka nimwandikie sitamwandikia. Nilimwambia Mwaitu shauri lako kwa sababu yeye ni mkubwa wako, na nilitaka kukuheshimu nisikukatalie kwa neno langu peke yangu. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Alisema, "Taa ikizimika safari hii tu, atakufa safari hii tu?" Akaendelea kuchambua.

Najua nyumba yako inakula kwa mkono wake, wifi. Sikudharau kwa hilo, nilikudharau kwa mambo mengine na mengi yake nimeyaacha. Nakuletea gunia la mahindi na maharagwe, na baba anasema kama Jamal atarudisha nguo zao, rafiki yake anayechimba mawe Athi River ana mapampu yaliyozama kwenye mashimo ya maji na hajapata wa kuyatoa. Si bahari. Watacheka huko kwenu. Waache wacheke.

Lakini kwanza si lazima arudishe chochote. Nimefikiri sana kuhusu Nzomo. Mtu wa namna ile ana nguvu kwa sababu kila anayemjibu anamtegemea. Mimi simtegemei kwa unga wala kwa chumvi. Nawajua watu wa kwao, na Kikamba ninacho, kile alichokitumia Mwaitu kwenye pipa, ambacho huku tunawasemea watu mbele ya wenzao mara moja tu katika maisha. Hao wanaume wanaotazama chini nao wana wake, na wewe huko unawajua. Waambie wake hao ni nini kilimpata Jamal. Usiwaambie zaidi ya hapo.

Jamal asishuke. Akitaka kubishana, mfichie viatu.

Mimi sijui kuogelea na sitajifunza. Nimeshaongea na watu wa basi. Kabla mwezi huu haujaisha, na kabla hiyo meli haijafunga kamba, nitakuwa kwenye geti la bandari nimevaa vizuri, na Nzomo atanieleza mimi, ana kwa ana, kwa nini mume wangu ni wa taa moja.

Wifi yako,
Zaituni